Wadau, niende benki kwanza au nitafute nyumba kwanza?

Bado_Mpangaji:
Habari zenu wadau, mimi na mke wangu tumechoka kupanga tunataka kununua nyumba kwa mkopo. Juzi tukaenda na dalali kuona moja, aisee ile nyumba tumeipenda, mke wangu alishaanza kupima kwa hatua kabati litakaa wapi, ila hata hatujatoka getini dalali akauliza "barua ya benki mnayo?" nikabaki namtolea macho tu. Nikapiga simu benki, dada akaniuliza mshahara na madeni, dakika kumi hivi akanitajia kiasi ninachoweza kupata. Je hiyo inatosha nikamwambie mwenye nyumba niko tayari?

Mzee wa Marejesho:
Mkuu pole, hapo hujapewa kitu bado. Hayo ni makadirio, kapiga hesabu kwa ulichomwambia mdomoni, ungejiongezea mshahara mara mbili naye angekuongezea. Unachotakiwa kutafuta ni idhini ya awali, unapeleka slipu za mshahara, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, mkataba wa kazi, wanachungulia rekodi yako ya mikopo ndo unapewa barua. Na barua yenyewe inaisha muda, nyingi ni siku 60 mpaka 90, na bado ina masharti.
Mimi afisa mikopo aliiweka taarifa yangu mezani ameshika kalamu nyekundu anazungushia duara kila hela iliyotoka, "hii ya kila tarehe 5 ni ya nani?" Kumbe ni simu niliyochukua kwa mkopo nikasahau kama bado nakatwa. Jasho lilinitoka.

Mama_Hesabu:
Hilo deni dogo msilidharau jamani. Tuseme mkononi unapata 1,000,000 kwa mwezi na benki haitaki marejesho yako yote yazidi 40%, una 400,000 ya kuchezea. Kwa riba ya 10% miaka 20, kila milioni unayokopa unarudisha kama 9,650 kwa mwezi, kwaiyo unaweza kukopa kama milioni 41. Sasa weka mkopo wa gari unaokukata 150,000, inabaki 250,000 na mkopo wa nyumba unashuka mpaka kama milioni 26. Gari limekula zaidi ya theluthi ya nyumba!! Ndo maana benki unaenda KABLA hujaonyeshwa nyumba, ukijua mapema unamaliza deni kwanza ndo unaanza kuzunguka na madalali.
Halafu usichukue chote kisa wamekuruhusu. Kama riba ni ya kupanda na kushuka, ikifika 12% ile 9,650 inakuwa 11,000 na kidogo, na ada za watoto zipo palepale.

Yamenikuta:
Mbona hamumtaji mthamini? Mimi barua nilikuwa nayo safi, bei tumekubaliana, benki yangu (siitaji) ikamtuma mthamini akasema thamani iko chini ya bei yetu kwa 10%, na wao wanakopesha kwa thamani ya mthamini, sio kwa bei mliyopatana nyie. Tofauti ikawa juu yangu, na hapo kianzio kipo, mwanasheria yupo, usajili wa hati, bima... muuzaji kagoma kushuka nikaiachia. Kinachoniuma mpaka leo nilishampa hela ya kushikia na hatukuandika popote kwamba mkopo ukikwama ananirudishia. Andikeni hilo bana.
Na ukishapata barua usikimbilie kuchukua makochi kwa mkopo wala kuhama kazi, wanaweza kukuangalia upya kabla hawajatoa hela.

Bado_Mpangaji:
Duh. Asanteni sana, na niseme ukweli tu, yule dada nilimtajia deni moja na mimi ninayo mawili. Sasa tukiomba pamoja na mke wangu naye watamchungulia?

Mzee wa Marejesho:
Watamchungulia vizuri sana. Mkiomba pamoja vipato vinajumlishwa na madeni yanajumlishwa vilevile. Muulize leoleo, kabla hajaulizwa na mwenye kalamu nyekundu.

Bado_Mpangaji:
Nimemuuliza. Analo moja. La kabati.