Nimepigwa laki tatu na nusu: amplifaya ya "wati 2000" ina wati 16. Wauza redio wa Arusha mna shida gani?

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa sabufa maana sabufa ndo kitu nimekikimbia.

Iko hivi. Mzee wangu kanikabidhi pleya yake ya santuri, spika mbili za mbao za omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme) na boksi zima la rhumba, amplifaya yake ilishakufa kitambo. Nakaa Sakina, sebule ndogo, sitaki disko, sitaki hata jirani ajue nasikiliza nini, nataka nikae jioni na chai yangu nisikie gitaa linavyotembea basi. Kila ninayemuuliza ananiambia nunua sabufa. Jamani spika ninazo!

Mwezi uliopita nilikuwa Moshi nikaona amplifaya used ya Japan, nzito, imetulia, jamaa anaapa "unachomeka tu bosi". Nikageuza nyuma, imeandikwa AC 100V. Japani umeme wao volti 100, wetu 230, ukichomeka hivyo hivyo bila transfoma ya kushusha umeme unachoma mali yako mwenyewe huku unaangalia. Nikamwachia, nikapanda basi kurudi Arusha najiona profesa.

Uprofesa ndo ulioniponza.

Jumamosi naingia duka moja mitaa ya Stendi Ndogo, silitaji. Amplifaya zimepangwa mpaka darini, taa za bluu zinacheza, mbele stika kubwa la dhahabu 2000W. Chalii wa kaunta ananiambia blaza ukifungua nusu tu nyumba inatetemeka. Naomba kuisikiliza, anasema boksi halifunguliwi mpaka ulipie (yani shati unajaribu, viatu unajaribu, kitu cha kusikiliza ndo hukisikilizi). Namuuliza ina tundu la pleya ya santuri? "Matundu yote sawa blaza, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe." Basi kwa ujanja wangu wa Moshi nikainama kwenye ile ya maonyesho, nikawasha tochi ya simu, nikasoma nyuma: 220-240V 50Hz. Nikaridhika nikatoa hela.

Wakuu pembeni ya hizo volti, sentimita moja tu, pameandikwa 60W. Tochi ninayo mkononi na sikusoma.

Nyumbani naweka santuri, sauti ya mbu ndani ya kopo. Kumbe sindano ya pleya inatoa milivolti chache sana, kama 5 hivi, wakati pleya ya CD inatoa volti 2 nzima, halafu santuri yenyewe inachongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, kwa hiyo lazima amplifaya iwe na sehemu yake ya phono ya kukuza na kurudisha mambo sawa. Tundu la AUX, lile la kawaida la kuchomeka simu au CD, haliwezi hiyo kazi hata ulibembeleze. Nikasema poa, niweke simu. Ikifika nusu ya volyumu gitaa linakwaruza na besi inakohoa kama mzee wa kiko.

Fundi wangu wa Ngarenaro aliipokea kwa mkono mmoja akaanza kucheka kabla hajashika bisibisi. Ndani: katransfoma ka kukaa kiganjani, IC mbili (chipu za kukuza sauti) aina ya TDA2030, na bodi ya zile taa za bluu, kubwa kuliko bodi ya sauti. TDA2030 kwa karatasi ya kiwanda wanakuhakikishia wati 12 kwenye spika ya omu 4 na wati 8 kwenye omu 8. Spika zangu omu 8. Nane kulia, nane kushoto. Hesabu ya 2000 sijui aliipigia wapi.

Na hata kama hujui IC ni nini, umeme unaoingia ni wati 60, ng'ombe wa kunywa lita mbili utamkamuaje ndoo kumi? Hizo namba za mbele wanaziita PMPO, hazina kipimo chochote kinachoeleweka, kila kiwanda kinajiandikia kinavyojisikia. Marekani tangu 1974 kuna kanuni kwamba ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani useme zile inazotoa mfululizo, kwenye omu ngapi, na sauti inaharibika kiasi gani. Huku sisi tunauziwa stika.

Kinachoniuma zaidi sikuwa nahitaji hata hizo 2000. Amplifaya ya NAD 3020, ile iliyopendwa sana enzi za santuri, ilikuwa na wati 20 kila upande na watu walisikiliza wakaridhika. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linasema "mh, kidogo". Angeniambia ukweli kwamba ni wati 8 ningeweza hata kufikiria!

Jumatatu nikairudisha. Ukutani kuna bango, mali ikishauzwa hairudishwi. Chalii ananiambia wati 2000 ni za kiwanda blaza, sio zangu.

Sasa kama kuna mtu Arusha au Moshi ana amplifaya ya stirio ya kweli, wati 30 au 40 kila upande, yenye phono, ya volti 230, na ananiruhusu NISIKILIZE kwanza, aje inbox. Nakuja na spika zangu na santuri yangu, bodaboda nalipa mwenyewe.

Nikiwa natoka pale kuna mzee mmoja na mkewe wanaonyeshwa ya 3000W. Nikamwambia shikamoo mzee, hebu igeuze nyuma usome wati. Chalii kaniambia nitoke dukani kwake. Mzee alikuwa ameshavaa miwani.