Kikundi cha Ukoo, Makorora, Tanga: Majibu ya Mifupa ya Zuhura

Mama Zuhura: Assalam alaikum. Tumerudi kutoka Dar jana usiku. Kipimo cha mifupa, uti wa mgongo, alama ya Z, ile inayolinganisha mifupa yake na ya wenzake wa umri wake, imekuja -2.4. Daktari kasema ukishuka chini ya -2 mifupa haijafikia umri wako. Nimechoka jamani.

Shangazi Riziki: Waalaikum salaam. Pole sana wifi yangu, pole Zuhura. Mtoto wa miaka 26! Saumu, wewe ndiye muuguzi, tueleze.

Saumu: Shikamoo shangazi. Ni ile miaka aliyokuwa anajinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Mwili ukikosa chakula siku za hedhi zinakatika, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na hiyo ndiyo inayolinda mfupa usilike. Tena yamemkuta ujanani, wakati mfupa ndo unajengwa.

Baba Mdogo Bakari: Si anywe kalsiamu? Na vidonge vya uzazi wa mpango nasikia vinarudisha siku.

Saumu: Kalsiamu anaihitaji baba mdogo, kama miligramu 1,000 kwa siku, ila peke yake haitoshi. Vile vidonge vinaleta damu tu, mfupa haujengeki, mkadhani kapona kumbe bado. Dawa kubwa ni uzito urudi na siku zirudi zenyewe. Ipo estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, hiyo aamue daktari wa homoni. Zile dawa za mifupa za wazee, kwa binti ambaye hajazaa wanasita, maana zinakaa mfupani miaka.

Mjomba Athumani: Basi awe anakimbia Raskazone alfajiri, mazoezi yanakaza mifupa.

Zuhura: Shikamooni wote. Mjomba, kukimbia ndiko nilikokatazwa. Nilikuwa nakimbia ili nifute nilichokula, na mfupa ukiwa hivi unaweza kupata ufa. Kwa sasa natembea tu. Halafu nina ombi. Jumamosi harusini msiniambie nimenenepa. Najua mnasema kwa mapenzi, lakini neno hilo nalala nalo, asubuhi uji haupiti.

Shangazi Riziki: Tumekusikia mwanangu. Atakayelianza nitamkatiza mimi.

Mjomba Athumani: Marahaba mama. Nimeelewa.

Mama Zuhura: Anakula milo mitatu na vitafunio alivyopangiwa, kwa mnasihi pia anaendelea. Jana dagaa wa nazi kamaliza. Aliwasogeza pembeni ya sahani, akakaa, akawarudia mmoja mmoja. Mimi nikajifanya nachambua mchele.

Saumu: Hapo umefanya la maana sana mama, usimkodolee macho. Na dagaa wanaliwa na mifupa yao, kalsiamu imo.

Baba Mdogo Bakari: Atapimwa tena lini?

Saumu: Baada ya mwaka au miwili, mfupa unakwenda taratibu. Huenda usirudi wote, ila akila na siku zikirudi unaacha kupungua, na sehemu unapanda.

Shangazi Riziki: Nimemgandishia maziwa, lita mbili. Nani anapita Ngamiani?

Baba Mdogo Bakari: Mimi, saa kumi. Funika vizuri, nakuja na pikipiki.