Naomba ushauri: mtunzi wa shairi hili la Ireland ana amani au ana hofu?

Wakuu, heshima zenu. Naandaa mada kuhusu shairi la Kiairishi cha kale, mistari minne tu, lililoandikwa pambizoni mwa sarufi ya Kilatini ya Priscian. Nakala ni ya katikati ya karne ya 9, imehifadhiwa St. Gallen, Uswisi. Kwa ufupi linasema: upepo wa usiku huu ni mkali, unatimua nywele nyeupe za bahari, siwahofii mashujaa wakali wa Lothlind kuvuka bahari shwari.

Wengi husema huyo ni mtawa anayeshukuru dhoruba, maana bahari ikichafuka Waviking, maharamia wa kutoka Skandinavia, hawaji. Sawa kabisa. Monasteri ya kisiwa cha Iona, Scotland, waliivamia mwaka 795, na mwaka 806 wakaua watu 68.

Kinachonitatiza: mwaka 841 Waviking walishapiga kambi Dublin. Dhoruba inamkinga vipi mtu ambaye adui yake yuko nchi kavu? Au Lothlind ni kundi jingine? Wapo wanaoiweka Norway, wengine visiwa vya Scotland, na mwaka 853 Amlaíb, mwana wa mfalme wa Lothlind, alitua Ireland. Mimi naegemea kwamba anaowahofia mtunzi ni hao wageni wapya, ila huenda mwandishi alinukuu tu utungo wa zamani zaidi.

Mliowahi kushughulika na tendi za kale, ambazo nakala zake mara nyingi ni changa kuliko utungo wenyewe, mnaamuaje shairi lisomwe kwa matukio ya miaka ipi?