Walinzi wa hoteli wametufukuza ufukweni Kigamboni samaki akiwa kwenye ndoana. Tangu lini bahari ikawa na mwenyewe?

Wakuu, nina hasira, niacheni niseme.

Wikiendi ya mbalamwezi mimi na washikaji tulivuka kwenda Kigamboni kuvua kolekole. Wanaovua wanajua: bamvua la Dar (siku maji yanapojaa na kukauka kupita kawaida) maji yanakauka kwenye saa nne usiku, kisha yanajaa mpaka saa kumi alfajiri, na kolekole wakubwa wanaingia nayo kusaka vibua karibu kabisa na mchanga. Ukiyakosa masaa hayo, usiku wako umekwisha.

Tukashuka kwa njia ya wavuvi, ile ya miaka yote, na fimbo zetu, ndoo ya chambo na chupa ya chai. Hakuna muziki, hakuna moto. Tukakaa kwenye mchanga mbichi, chini kabisa ya mstari wa mwani.

Kwenye saa saba fimbo ya mwenzetu ikainama, rili inalia, nailoni inakwenda moja kwa moja kwenye mwamba. Kolekole ndivyo alivyo, akinaswa anakimbilia mawe akate mshipi. Jamaa kakita miguu anamzuia, mara tochi mbili usoni. Walinzi. Mmoja ana mbwa, mwingine ana rungu. "Hapa eneo la hoteli, ondokeni." Tukawaomba kwa adabu: kaka zetu, tumalizane na huyu samaki, tunaondoka. Yule wa rungu akaenda akaidaka nailoni kwa mkono mtupu! Nailoni imekaza vile! Ikamchana kidole, akaivuta kwa hasira, pa! Samaki kaenda na ndoana, na chubwi, na kila kitu. Halafu eti sisi ndio tumemjeruhi.

Asubuhi tukamfuata msimamizi. Akatuambia wageni hawapendi harufu ya chambo. Wageni gani, saa saba ya usiku? Na hapo hapo mapokezi kuna bango la safari za kuvua kwa boti, bei kwa dola. Kumbe chambo cha mwenye dola hakinuki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe ndani ya mita 60. Sasa nendeni mkaangalie nguzo za uzio wao: maji yakijaa wimbi linazipiga! Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, na hati ya kiwanja haimpi mtu bahari. Sisi tulikuwa tunavua kujifurahisha, sawa, tutakula dagaa. Lakini kina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, nao siku hizi wanazungushwa kule nyuma ya ukuta, na wakifika maji yameshaanza kurudi.

Naomba wenye uelewa: malalamiko ya namna hii yanaanzia wapi, serikali ya mtaa, manispaa au NEMC, lile baraza la taifa la mazingira? Picha za uzio ninazo, nikielekezwa napeleka Jumatatu. Na wewe uliyefukuzwa ufukwe mwingine, Kunduchi, Bagamoyo, popote, weka hapa ilikuwaje. Wanaotaka kuniambia "nenda kavue kwingine", tafadhali piteni kimya.