Filta ya baipasi kwenye injini ya dizeli: nifunge, au nimwage oili mapema tu?

Njia_ya_Tunduma: Wakuu, habari za kazi. Nina Scania inayokwenda Dar–Tunduma na Hilux ya dizeli ya kuzungukia saiti. Muuza spea ananishauri nifunge filta ya baipasi (filta ya pili, ya pembeni, ya kuchuja oili) kwenye zote mbili, anadai oili itadumu mara tatu zaidi. Naomba mnilinganishie: baipasi ya kopo, ile ya sentrifuji (inayotenga uchafu kwa kuzunguka kasi), au nibaki na filta ya kawaida na kumwaga oili mapema.

Fundi_Dizeli_Mbeya: Mkuu, tuanze na kazi yake. Filta ya kawaida inapitisha oili yote inayokwenda kwenye beringi, kwa hiyo haiwezi kubana sana. Ikibana, asubuhi oili ikiwa nzito vavu ya ndani inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Ndiyo maana nyingi zinakamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zinazopenya, hasa za mikroni 5 hadi 15, ndizo zinazosaga beringi na ringi za pistoni. Baipasi inachota kiasi kidogo, kama asilimia 10 au pungufu, inakipitisha polepole kwenye filta ya mikroni 2 au 3, halafu inakirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kitu hicho kinafanya kazi kweli, sina ubishi.

Ila inua kwanza kichwa cha Scania yako uangalie. Injini nyingi za Scania zinatoka kiwandani na sentrifuji tayari. Rota inazungushwa na presha ya oili, masizi yanagandamana ukutani. Ukiifungua wakati wa sevisi unakuta tope jeusi gumu, unalikwangua. Ukikuta pasafi kabisa usifurahi: rota haizunguki. Namna ya kupima ni rahisi. Injini ikiwa ya moto, izime halafu tega sikio. Nzima utaisikia ikivuma kidogo kabla ya kusimama. Kama haivumi, pesa ya muuza spea ipeleke hapo.

Mama_Malori: Naunga mkono. Volvo zangu za D13 zina filta tatu za oili, mbili za kawaida na moja ya baipasi, zote za kiwandani. Shida ni kwamba fundi asiyesimamiwa anabadilisha mbili na ya tatu anaifuta vumbi tu. Mimi nasimama hapo hapo mpaka nione tatu mpya zimefungwa, na makopo ya zamani naondoka nayo.

Maabara_ya_Oili: Hapo kwenye "mara tatu zaidi" pananitia wasiwasi. Filta inaondoa chembe. Haiondoi asidi, wala hairudishi viambato vilivyokwisha kwenye oili. Dizeli inayovuja kwenye nozeli za kupulizia mafuta ikaingia kwenye oili nayo huwezi kuichuja kwa karatasi. Tangu dizeli ya Afrika Mashariki ishushwe hadi salfa ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, asidi imepungua, lakini haijaisha.

Maabara ya taifa ya Idaho, Marekani, iliwahi kufunga baipasi za kampuni ya puraDYN kwenye mabasi yake ya dizeli yaliyokuwa yakimwaga oili kila maili 12,000, yaani kama kilomita 19,000. Waliokoa oili nyingi sana. Lakini kila sevisi walibadilisha filta na kupeleka sampuli ya oili kupimwa, na kipimo ndicho kilichoamua kama oili iendelee. Ukifunga filta bila kupima, unaongeza kilomita kwa kubahatisha.

Kaka_wa_Changamwe: Mimi naongelea ufungaji. Kopo linahitaji hozi mbili, na kila hozi ni mahali papya pa kuvuja. Niliona lori hapa Mombasa hozi imesuguana na chesisi mpaka ikatoboka. Dereva aliona taa ya oili akazima haraka, la sivyo injini ingenoki. Tumia hozi ya presha, ifunge klipu mbali na chuma na mbali na egzosi. Na hakikisha kile kitundu kidogo cha kubana mtiririko kipo, bila hicho presha inashuka injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta.

Jenereta_Kigoma: Msiikatae moja kwa moja. Jenereta inayonguruma usiku na mchana, oili nyingi, na kuizima ni hasara: hapo baipasi inalipa, na tunapima oili kila sevisi.

Njia_ya_Tunduma: Asanteni sana. Na Hilux?

Fundi_Dizeli_Mbeya: Iache. Inabeba kama lita 7 tu, oili mpya ni nafuu kuliko kopo na hozi zake. Kwa barabara za saiti adui ni vumbi. Kagua filta ya hewa, pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Ukikuta unga, kuna klipu imelegea, na hakuna filta ya oili itakayoiokoa injini inayovuta mchanga. Oili mwage mapema.

Maabara_ya_Oili: Na ya Scania, ukienda kumwaga, chukua sampuli injini ikiwa ya moto. Acha ya kwanza ipite, kinga ya katikati kwenye chupa safi na kavu. Andika kilomita za injini na kilomita za hiyo oili. Waambie wapime chuma, silikoni (dalili ya vumbi), masizi, dizeli na akiba ya kupambana na asidi. Majibu yakija yaweke hapa, tuyasome pamoja.