Naomba ushauri: kutetea dini za wachache nje ya nchi, faragha au hadharani?

Wakuu, habari zenu. Naandaa mada ya mdahalo kuhusu nchi moja kuwatetea waumini wachache wanaoonewa katika nchi nyingine, na nimekwama hapa: kinachosaidia zaidi ni balozi kuongea faragha, au serikali kulaani hadharani?

Marekani, kwa sheria yake ya 1998, huzitaja kwa majina nchi zinazokandamiza dini na inaweza kuziwekea vikwazo. Ila Saudi Arabia imekuwa ikitajwa huku ikisamehewa vikwazo vyenyewe. Hapo mtu akisema ni unafiki nitamjibu nini?

Halafu kuna Gambia. Novemba 2019 iliishtaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ajili ya Warohingya, Waislamu walio wachache huko Myanmar, na Januari 2020 mahakama ikaamuru walindwe. Nchi ndogo vile, mbali kote huko! Lakini mamia ya maelfu yao bado wamejazana kambini Cox's Bazar, Bangladesh.

Waliofanya kazi ubalozini au kwenye haki za binadamu, nisaidieni: mafanikio ya mazungumzo ya siri mnayapimaje? Na kelele za nje haziwafanyi waumini wenyewe waonekane vibaraka?