Mbwa wangu wa miezi 7 akiona farasi anapagawa, nisaidieni

Mtunzabanda: Wakuu habari zenu. Natunza farasi kwenye shamba moja huku Usa River, Arusha. Nina mbwa dume, Simba, ana miezi 7. Nyumbani ni mtulivu, akiambiwa kaa anakaa. Akiona farasi sasa! Anabweka, anavuta mnyororo mpaka anakoroma, na akichomoka anakimbilia miguu ya nyuma. Jumamosi farasi jike mmoja alilaza masikio, akarusha teke, likapita kiganja kimoja tu kutoka kichwani kwa Simba. Nilitetemeka mwili mzima. Mwenye shamba amenipa mwezi mmoja, la sivyo mbwa asikanyage tena pale. Nimemchapa, naona ndiyo anazidi. Nampenda sana huyu mbwa. Nifanyeje?

Saisi wa Limuru: Pole sana ndugu yangu. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, kazi hii nina miaka 14. Fimbo iache leo hii. Ukimchapa kila farasi anapotokea, anajua farasi ndiye analeta maumivu, kesho atabweka zaidi.

Shida kubwa ni umbali. Unaanza kumfundisha akiwa ameshapagawa, na hapo hasikii hata jina lake. Rudi nyuma mita 50, hata 80, mpaka mahali anamwona farasi lakini bado anakula mkononi mwako. Chemsha maini, katakata vipande vidogo kama punje ya harage. Akimtazama farasi kisha akakugeukia, mpe palepale. Dakika tano zinatosha, ondokeni. Kesho sogea hatua mbili tatu. Akikataa maini ujue umekaribia mno, rudi.

Anza na farasi mzee, mpole, aliyesimama anakula nyasi. Wa kwenda shoti mwache mwisho kabisa, maana mbwa akiona kitu kinakimbia naye miguu inamwasha. Kamba ilegee, ukiikaza anahisi kuna hatari. Na usimfunge bandani ukaenda zako.

Binti Monduli: Kwetu mbwa wanakua pamoja na punda. Punda wakienda kubeba maji mbwa anatembea pembeni, wala hawatazami. Wako amechelewa kidogo, ila miezi 7 bado mtoto. Mzoeshe asipite nyuma ya farasi kabisa. Nyuma yake pale farasi haoni, akiguswa anapiga kwanza.

Dawa za Mifugo: Naongeza la afya. Farasi wakipewa dawa ya minyoo yenye ivamektini, Simba asilambe iliyodondoka wala asile kinyesi chao siku zinazofuata. Dozi ya farasi ni kubwa mno kwa mbwa. Ukiona anayumba, anatoa udenda au mboni zimepanuka, mkimbize kwa daktari wa mifugo, usisubiri asubuhi.

Mtunzabanda: Wiki tatu sasa, wakuu. Wiki ya kwanza nilikata tamaa, mita 60 hatukusogea hata hatua. Jana fundi wa kwato alikuja, tukakaa kama mita sita. Vipande vya kwato vinadondoka, Simba pua inacheza, mate yanamtoka, lakini alilala chini akanitazama mimi. Nilimpa maini yote yaliyobaki mfukoni. Mwenye shamba aliona, akasema aendelee kuja. Mungu awabariki. Swali moja: vile vipande vya kwato naweza kumpa atafune?

Saisi wa Limuru: Hongera sana! Mpe kidogo, kama farasi hawajapewa dawa karibuni, na umpelekee mbali na banda. Akizoea kuviokota mwenyewe chini ya miguu ya farasi, utaanza upya mita 60.